Waifu, Waifai na Kabati la Keko

Mpenzi msomaji, mwezi huu sikuletei ushauri, nakuletea ungamo. Mimi mhariri ninayekaa hapa kila mwezi nikikuhimiza uzungumze na mwenzi wako, mwaka jana nilikaa wiki sita ndani ya nyumba moja na mume wangu tukiongea mambo matatu tu: umeme, maji, na nani kasahau kufunga mlango. Na chanzo hakikuwa nyumba ndogo, wala pesa, wala mawifi. Kilikuwa ni waifai.

Najua unacheka. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Tunaishi Kariakoo, ghorofa ya tano, mitaa ya karibu na Msimbazi. Chini yetu ni maduka ya mapazia na mashuka, na kuanzia asubuhi vipaza sauti vinapokezana kutangaza bei. Nyumba yenyewe ni ndefu kama behewa: sebule mbele inaangalia barabara, inafuata korido, jiko, bafu, halafu mwisho kabisa vyumba viwili vya kulala. Kimoja cha vyumba hivyo ndicho ofisi ya mume wangu.

Jumanne moja, saa nne kamili asubuhi, alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video. Kampuni iko Nairobi, cheo kizuri, na mshahara ambao tulikuwa tumeshaupangia matumizi kabla haujaja (si unatujua sisi). Alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe na tai, chini bukta. Kabla hajaingia chumbani akaniambia, "Mke wangu, nakuomba kitu kimoja tu. Kwa saa moja, usiwashe chochote kinachokula intaneti."

Nikamjibu, "Wala usiwe na wasiwasi, baba."

Sasa hapa ndipo ninapoungama. Nilikuwa likizo siku ile, na tamthilia yangu ya Kituruki ilikuwa imebakiza vipindi viwili iishe. Nikajiambia, nikizima sauti nani atajua? Na intaneti si tunailipia kila mwezi, tena kifurushi cha maana? Nikawasha.

Haikupita dakika kumi nikaanza kumsikia. "Mnanisikia? Samahani, mnanisikia?" Kimya. Halafu tena, kwa ile sauti ya mtu anayejitahidi asionekane amechanganyikiwa: "Nimerudi, samahani sana, tulikuwa tunasema..." Aliganda mara tatu. Mara ya tatu akajaribu bando la simu, lakini dirisha la chumba kile linatazamana na ukuta wa ghorofa la jirani, karibu uuguse kwa mkono, na netiweki ya simu humo ni ya kubahatisha.

Alipotoka, tai ilikuwa mkononi. Mimi na rimoti tukawa tumechelewa. Akaitazama skrini, akanitazama mimi. Hakupiga kelele, na natamani angepiga. Alisema neno moja tu, "Kumbe," akarudi chumbani.

Wiki mbili baadaye ikaja barua pepe ya kumshukuru kwa muda wake, nafasi amepewa mtu mwingine. Usiku ule akatoa alichokuwa amekibeba: "Wewe ndiye umenikosesha ile kazi."

Nilikataa haraka, maana mwenye hatia hujibu haraka. "Mimi? Hii intaneti ni mbovu siku zote! Hata nisipokuwepo si unaganda humo chumbani?" Nilisema hivyo ili kujitetea, sikujua kuwa ndani ya maneno yale kulikuwa na ukweli ambao ungekuja kunigeukia.

Kutafuta mchawi

Si unajua mambo yakiharibika lazima mchawi apatikane? Mimi mchawi wangu alikuwa kampuni inayotuletea intaneti. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikasubiri na muziki wao, mwishowe dada mmoja mwenye sauti nyororo akaniambia, "Huku kwetu tunaona laini yako iko sawa kabisa." Nikamaindi. Iko sawa wapi, na mume wangu anaganda kama samaki wa feri?

Nikaongeza kifurushi, kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 40. Hela ikatoka, chumbani hakukubadilika kitu. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa nilikuwa natibu kichwa kwa dawa ya tumbo. Megabiti 20 tulizokuwa nazo mwanzo zilitosha sana. Mazungumzo ya video hayahitaji hata megabiti 5 kwa sekunde, na tamthilia kwenye TV ya kawaida nayo inakula kama hizo. (Na usichanganye biti na baiti kama mimi. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 hupakua megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde. Hapo hujaibiwa, ni hesabu tu.)

Nikaenda hatua ya tatu, nikanunua kile kifaa kidogo cha kuongeza mawimbi, cha kuchomeka ukutani. Nikakichomeka chumbani, palepale panapokosa netiweki. Ndani ya siku mbili simu zikawa zinaonyesha mawimbi yamejaa, lakini kurasa hazifunguki! Kifaa kile hakitengenezi intaneti, kinarudia kile kinachokifikia. Ukikiweka mahali ambapo hakisikii vizuri, kitarudia vibaya. Pahali pake ni katikati ya njia.

Wakati huo wote ndani ya nyumba kulikuwa na baridi kuliko kiyoyozi. Mume wangu akaanza kuchukua kompyuta yake na kwenda kufanyia kazi kwenye mgahawa mmoja kule Posta. Anarudi saa tatu usiku, ameshakula. Nikimwuliza vipi huko, ananijibu, "Huko intaneti ipo." Jamani! Kuna maneno ya kistaarabu yanayouma kuliko tusi.

"Dada, ungeweka taa humo?"

Jumamosi moja nikateremka hadi Mtaa wa Aggrey, kule kwenye maduka ya simu na vifaa vyake, nikiwa nimeamua kununua rauta mpya, ya bei mbaya, yenye antena nyingi kama kamba kochi. Kijana niliyemkuta dukani angeweza kuniuzia akanikamatisha mzigo, tukaagana. Badala yake akaniuliza, "Samahani dada, hiyo uliyonayo umeiweka wapi?"

Nikamjibu kwa madaha, "Sebuleni, ndani ya kabati la TV. Huwezi hata kuiona."

Akacheka kidogo, kwa adabu. "Sasa dada, ungeweka taa humo kabatini ukafunga mlango, chumbani mngeona?"

Nikanyamaza.

Ngoja nikueleze kabati lenyewe. Nililichongesha Keko kwa mafundi samani, mbao ya mninga, milango ya vioo vya kujitazamia. Wageni wote wakiingia walikuwa wanalisifia. Kwa kuwa rauta ni kidude cheusi chenye nyaya na vitaa vinavyochezacheza, na mimi nimeshapamba sebule yangu ikapambika, niliamua kiingie ndani pamoja na dekoda na spika ya besi. Mlango ukafungwa, urembo ukatimia.

Yule kijana akanifundisha, nami nakupa kama nilivyopokea. Waifai ni mawimbi ya redio, na kila kitu kinachosimama njiani kinayapunguza. Mbao na pazia hazina neno sana. Ukuta wa zege wenye nondo ni kikwazo kikubwa. Chuma ni kibaya zaidi, na kioo cha kujitazamia nacho ni hivyohivyo, maana mgongo wake umepakwa utando wa madini unaoyarudisha mawimbi yalikotoka. Maji nayo huyafyonza. Sasa nikaanza kuhesabu kimoyomoyo njia ya kutoka kabatini hadi kwa mume wangu: vioo, TV yenyewe, ukuta, friji, ukuta mwingine, ukuta wa bafu. Mume wangu alikuwa anafanya usaili kutoka ndani ya kisima.

Hakuniuzia rauta. Aliniuzia waya wa mtandao wa mita 20, akaniambia, "Nenda kapime kwanza. Badilisha kitu kimoja kimoja, na uandike."

Usiku wa daftari

Usiku ule mume wangu hakuwepo, na nafikiri ndiyo maana nilithubutu. Nikachukua daftari, nikapakua programu ya kupima spidi, nikaanza.

Kwanza nikaunganisha kompyuta na rauta kwa waya, bila waifai kabisa. Hiki ndicho kipimo cha haki, kwa sababu kinatenganisha kesi mbili. Kama hata kwa waya spidi ni mbovu, tatizo linatoka kwa anayekuletea huduma au kwenye rauta yenyewe, piga simu ukiwa na namba zako mkononi. Kama kwa waya iko sawa, basi tatizo liko ndani ya kuta zako. Kwa waya nilipata megabiti 38. Yule dada wa huduma kwa wateja nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Kisha waifai. Mlango wa kabati ukiwa wazi, nikiwa nimekaa kwenye kochi: 33. Nikafunga mlango: 15. Koridoni: 6. Chumbani, kwenye meza ya mume wangu: 1.2, na mara mbili kipimo kilikatika kabla hakijaisha. Tamthilia ilikuwa imezimwa, TV imezimwa, niko peke yangu nyumbani.

Nilikaa kwenye kiti chake kwa muda mrefu. Daftari lilikuwa limeniachia huru kwenye kesi ya tamthilia, na palepale limenikamata kwenye kesi nyingine. Aliyeificha rauta ni mimi.

Basi nikaitoa. Nikaivuta kwa ule waya mrefu mpaka koridoni, katikati ya nyumba, nikaiweka juu ya rafu, juu kidogo ya usawa wa kichwa. Nikaikuta ya moto kama pasi, maana mle kabatini hata hewa ilikuwa haipiti. Nikarudi chumbani kupima: 17.

Hapo nikanogewa. Rauta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili. Gigahezi 5 ni kama mwendokasi, inakwenda mbio kwenye njia yake lakini vichochoroni haiingii. Gigahezi 2.4 ni kama guta, ya polepole lakini inapenya mpaka uani. Kwa hiyo TV ya sebuleni na kompyuta ya koridoni nikaziweka kwenye 5, vitu vya chumba cha mwisho vikabaki kwenye 2.4.

Tabu ya hiyo 2.4 ni kwamba kila mtu yuko huko. Nilipofungua orodha ya mitandao inayosikika chumbani kwetu nikahesabu 23! Hebu vuta picha ya mtaa wetu asubuhi: muuza mashuka na muuza mapazia kila mmoja na kipaza sauti chake, wote wanatangaza kwa pamoja, mteja hasikii bei ya yeyote. Ndivyo rauta za majirani zinavyogongana. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Wengi walikuwa wamejazana kwenye ya 6, na sisi tukiwemo. Nikaingia kwenye mipangilio ya rauta, nikahamia ya 11. Chumbani ikapanda hadi 24. Maikrowevu nayo inafanya kazi kwenye mawimbi hayohayo, na ikivuja kidogo tu yanavurugika. Kumbe ndiyo maana nilikuwa nikipasha wali, mtu anaganda!

Mwisho nikaangalia orodha ya walioungana nasi. Ndani tuko watu watatu, pamoja na dada anayetusaidia kazi. Vifaa vilikuwa 14. Watoto wa Mama Pacha wa ghorofa ya chini, fundi wa bomba, shemeji aliyelala siku mbili mwaka juzi, wote walikuwa na paswedi yetu, na mimi ndiye niliyewapa. Sasa jirani kumnyima paswedi siku hizi ni kama kumnyima chumvi, huwezi. Nikabadilisha paswedi yetu, nikafungua mtandao wa pili wa wageni ambao rauta nyingi zinao, nikauwekea kikomo cha spidi. Mama Pacha hajalalamika mpaka leo.

Mbali na karibu

Nitende haki kidogo. Si kila siku mchawi anakaa kabatini. Mwezi Julai mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi hapa Dar es Salaam, nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Kabla ya hapo nchi ilitegemea zaidi setilaiti, na sisi tulikuwa tunalipia intaneti café kwa nusu saa, nusu ya muda huo ikiisha ukurasa ukiwa bado mweupe. Mwaka uliofuata ukaja mkongo wa EASSy. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo yote hiyo miwili ikapata hitilafu huko kusini mwa Bahari ya Hindi, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoonja joto ya jiwe. Siku ile ungehamisha rauta hata ukaiweka juu ya mnara, isingesaidia.

Lakini siku kama hiyo unaijua, maana hata jirani hana na hata bando la simu linasuasua. Ukiona wewe unaganda na mtu wa sebuleni kwako anaangalia tamthilia bila shida, mpenzi, tatizo haliko baharini.

Ilivyokuwa

Alirudi saa tatu na nusu. Nilikuwa nimekaa koridoni chini ya ile rauta, daftari mapajani. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi mazuri (si ndiyo kazi yangu), yote yakapotea. Nikampa daftari.

Alisoma akiwa amesimama, begi bado begani. Akaurudia ukurasa. Mwisho akasema, "Kwa hiyo siyo tamthilia."

"Siyo tamthilia," nikasema. "Lakini ni mimi. Mimi ndiye niliyeiweka kule. Na tamthilia nayo, uliniomba nikakubali, halafu nikakudanganya. Hilo halina kipimo cha spidi."

Akanyamaza. Akavua begi, akaenda sebuleni, akainama nyuma ya kabati. Nilifikiri amekasirika upya. Nikamsikia akisema kutoka kule chini, "Hili tundu la nyaya nilitoboa mimi. Siku ile ulinishikia tochi."

Kweli. Nilikuwa nimesahau. Tulilitoboa pamoja, tukacheka, tukapiga na picha.

Hatukukumbatiana kama kwenye sinema. Alienda chumbani, akafungua kompyuta, nikasikia kwa mbali video ya mpira inacheza bila kukatika. Baada ya kama robo saa akaita, "Mama, njoo uone." Hatukuwa tumeitana hivyo kwa wiki sita.

Ile kazi haikurudi. Sitaki nikudanganye kuwa mambo yalijipanga. Na sitajua kamwe kama wangemchukua asingeganda. Hilo nimelibeba na yeye analijua. Nilichojifunza ni kwamba wiki sita nzima kila mmoja wetu alikuwa na mchawi wake, na hakuna aliyekwenda kupima. Yeye alinilaumu mimi, mimi nikailaumu kampuni, na kitu chenyewe kilikuwa hatua nne kutoka kwenye kochi, nyuma ya milango tunayojitazamia sura zetu kila siku.

Siku hizi rauta imetundikwa ukutani koridoni, pembeni ya picha yetu ya harusi, vitaa vinachezacheza usiku kucha. Chini yake kuna kibetri kidogo cha kuishikilia umeme ukikatika ghafla, kutoka palepale Aggrey (ukinunua hakikisha volti zake zinalingana na zilizoandikwa kwenye rauta yako, yetu ni 12). Ni mbaya, sikatai. Mgeni mmoja aliniuliza kwa nini nisiifiche kabatini, kabati zuri vile.

Mwezi uliopita mume wangu alikuwa na usaili mwingine. Shati jeupe, tai, bukta. Safari hii sikusubiri kuombwa. Nilizima TV ukutani, nikachukua kikapu, nikateremka sokoni kwa saa nzima kununua vitu ambavyo hatukuvihitaji. Niliporudi nikamkuta koridoni amesimama.

"Uliganda?" nikamwuliza.

"Hata mara moja."

Majibu bado. Tunasubiri wote wawili.